Kadi ya Babu na Wajumbe wa Dodoma

Makala hii ilikuwa iende gazetini. Nusu yake ilikwenda, ile ya hitma, muhogo na vumbi la barabarani. Nusu ya pili mhariri wangu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia, "Hii kaiweke kwako." Kwako maana yake hapa. Simlaumu sana, ana watoto shuleni na gazeti lina leseni. Haya basi, karibuni. Ni ndefu kidogo.

Babu yangu mzaa mama alifariki Desemba 2024 huko Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Kwa wale ambao Pwani wanaijua kwa Bagamoyo tu: ukitoka Gongo la Mboto unapanda Pugu, unafika Kisarawe mjini, halafu unaingia ndani, mikorosho huku, minazi kule, mpaka unadhani dereva amepotea. Hajapotea. Maneromango ipo, ina misikiti, ina kanisa la Walutheri la tangu enzi za Wajerumani, ina vijiwe vya kutosha, na Wazaramo wenye mji wao hawana tatizo na mgeni mradi asiwe na haraka.

Arobaini ya babu ilisomwa Jumapili ya tarehe 19 Januari 2025. Mimi nilitakiwa nifike siku moja kabla kwa sababu ndiye "msomi" wa ukoo, na kulikuwa na sanduku la bati lililojaa karatasi ambalo hakuna aliyetaka kulifungua peke yake. Nikalifungua na bibi. Risiti za korosho. Barua za mama enzi akiwa shule ya bweni. Picha moja ya babu kijana, kavaa suruali pana kama mwanamuziki. Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, kadi za chama: moja ya TANU, kingo zimeliwa na mende, na moja ya CCM, chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP zilipoungana. Ada imelipwa mwaka baada ya mwaka. Nikafunua mpaka mwisho. Alikuwa amelipia mpaka 2025.

Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi. Kama umekulia mjini na hujui balozi ni nani, muulize mtu yeyote wa kijijini aliyewahi kugombana na mkewe usiku wa manane. Balozi ni yule mzee anayekuja na kandambili na tochi kuamua ugomvi. Chama kwa babu kilikuwa ni hicho: tochi, daftari, michango ya misiba, na sare ya kijani kwenye mikutano.

Nikamuuliza bibi, hivi babu aliwahi hata siku moja kupiga kura ya kuchagua nani awe mgombea urais wa chama chake? Bibi akafikiri. "Alipigia kura wagombea. Kuwachagua wawe wagombea, hapana, hiyo ni kazi ya wakubwa."

Kumbukeni kwamba katika nchi yetu, tangu vyama vingi virudi, kila aliyepitishwa na CCM kugombea urais amekuwa rais. Kila mmoja. Kwa hiyo uchaguzi wenyewe, ule wenye mashaka ndani yake, unafanyika mapema ndani ya ukumbi mmoja Dodoma, na mtu aliyelipa ada karibu miaka 60 hakuwahi kuingia ndani ya ukumbi huo wala kuulizwa lolote na walioingia.

Jumapili baada ya hitma tulikaa chini ya mwembe, pilau imeshaliwa, wazee wanachokoa meno. Redio ikatoa habari kutoka Dodoma: Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM umempitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea urais wa Muungano na Dk. Hussein Mwinyi kwa Zanzibar. Ajenda iliyotangazwa awali ilikuwa kumpata makamu mwenyekiti wa chama, ambaye akawa Stephen Wasira. Jambo la mgombea likaibuka mkutanoni, likapitishwa hapo hapo, na Dk. Emmanuel Nchimbi akatajwa kuwa mgombea mwenza.

"Imepita hiyo," akasema mjomba wangu, ambaye ni kiongozi wa tawi.

Mzee mmoja akauliza, "Fomu zilitolewa lini?"

"Hazikutolewa."

"Sasa mtu anapitaje bila fomu?"

"Mzee, kunywa chai."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka sana. Yeye ni mtu wa taratibu, amewahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kukosa picha mbili za pasipoti za kubandika kwenye fomu ya uenyekiti wa kitongoji.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Rais Samia angeshindwa kama zingetolewa fomu. Nadhani angeshinda tena kwa kishindo. Hoja ya waliompitisha naijua: chama kina mila ya kumwachia rais aliyepo amalizie kipindi cha pili, kama ilivyokuwa kwa Mkapa mwaka 2000, Kikwete mwaka 2010 na Magufuli mwaka 2020. Lakini hao watatu kila mmoja alikuwa amepita kwanza kwenye tanuri la wajumbe kama mgombea urais. Mama Samia alikuwa mgombea mwenza mwaka 2015 na 2020, akaingia Ikulu Machi 2021 baada ya kifo cha Magufuli, kama Katiba inavyotaka. Kwa hiyo 2025 ndiyo ilikuwa zamu yake ya kwanza ya kuomba urais kwa jina lake. Na zamu hiyo wanachama, hata wale wachache wa Dodoma, hawakuwekewa jina la pili wala la tatu.

Turudi nyuma kidogo, maana vijana wenzangu wengi tunadhani mambo yamekuwa hivi siku zote.

Babu alikuwa akisimulia uchaguzi wa 1965 kama watu wanavyosimulia fainali ya mpira. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo TANU iliweka wagombea ubunge wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Mwananchi anaamua. Mawaziri walianguka, akiwamo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Kule Rufiji, jirani zetu kabisa, Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyeijenga TANU kwa miguu yake, akaangushwa. Babu alikuwa na miaka ishirini na kitu. "Tulimwangusha mtu mkubwa na jua likachwa vizuri," alikuwa akisema, ingawa yeye hakupiga kura Rufiji. Ila kwa urais hakukuwa na jembe na nyumba. Kulikuwa na picha ya Mwalimu na kivuli. Ukimkataa Mwalimu unakipigia kura kivuli, na kivuli hakina ilani wala mke wala mtoto.

Mwaka 1995 kivuli kikapata sura. Pale Chimwaga, Dodoma, wajumbe walipewa majina matatu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Kikwete akaongoza raundi ya kwanza, Mkapa akamshinda raundi ya pili kwa tofauti ndogo, na watu wazima wanakumbuka jinsi uzito wa Mwalimu Nyerere ulivyokuwa ukumbini. Mwaka 2005 majina matatu tena: Kikwete kura 1,072, Dk. Salim Ahmed Salim 476, Profesa Mark Mwandosya 122. Kinyang'anyiro hicho kilikuwa na uchafu wake. Salim, mtu aliyeongoza OAU, alizushiwa mengi, mpaka asili yake ikawa habari, na taaluma yangu haikutoka ikiwa safi. Wapo waandishi wenzetu waliotumika. Lakini angalau kulikuwa na mashindano, na mshindi alijua kuna watu 598 hawakumtaka.

2015 naikumbuka mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja Maneromango likizo ya Juni. Makada 42 walichukua fomu za kuomba urais na 38 wakazirudisha. Kila mmoja alitakiwa apate wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake iwe ya Zanzibar. Basi nchi nzima ikawa inazungukwa na magari ya watu wanaotafuta saini. Siku moja walikuja vijana wawili na pikipiki kumtafuta babu. Mgombea wao simtaji, na hata nikimtaja haisaidii kitu. Walikuwa na heshima sana, shikamoo za kutosha. Babu macho yalikuwa yameshaanza kumsumbua, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwandikia jina na namba ya kadi kwenye fomu, yeye akatia saini. Nikamuuliza baada ya wao kuondoka, babu, unamjua huyo mtu? Akasema, "Simjui. Lakini ameniomba."

Ameniomba. Nimekaa na neno hilo miaka kumi. Katika maisha yake yote ya chama, hiyo ndiyo mara pekee mtu anayetaka urais alipohitaji kitu kutoka kwake kabla ya mambo kuamuliwa. Wakampa elfu tano "ya maji". Najua, najua. Nitarudi kwenye hiyo elfu tano.

Mgombea huyo jina lake halikurudi. Tarehe 10 Julai Kamati Kuu ikabakiza majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Edward Lowassa, aliyekuwa na wadhamini wengi kupita kiasi, akakatwa. Usiku ule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Sophia Simba, Adam Kimbisa na huyo huyo Dk. Nchimbi, wakawaambia waandishi kwamba wanajitenga na uamuzi huo kwa maelezo kwamba kanuni hazikufuatwa. Kesho yake, Kikwete akiingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu, baadhi ya wajumbe wakamwimbia mwenyekiti wao kwamba wana imani na Lowassa. Halmashauri Kuu ikapeleka watatu Mkutano Mkuu, na Magufuli akapata kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Kabla Julai haijaisha Lowassa alikuwa Chadema, na Oktoba akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu 40%. Hizo kura milioni 6 ni watu. Wengine walikuwa wana kadi za kijani. Nasema hivyo kwa sababu wawili walikuwa nyumbani kwetu.

Mwaka 2020 hakukuwa na jina la pili. Membe, aliyetajwa kutaka kuchuana na Magufuli, alifukuzwa uanachama Februari mwaka huo, na Julai mkutano ukampitisha Magufuli kwa 100%. Ule ndio mwezi ambao nchi nzima ilikuwa inacheka na msemo wa "wajumbe si watu", kwa sababu maelfu ya makada walijitokeza kuomba ubunge, wakaahidiwa kura na wajumbe usiku, asubuhi wakahesabiwa sifuri. Sisi tulicheka. Lakini mwaka 2015 wabunge wa CCM walipitia kura za maoni ambazo kila mwanachama alipiga kwenye tawi lake. Babu alipiga hapa hapa. Mwaka 2020 kazi hiyo ikarudishwa kwa wajumbe. Kwa hiyo aliyekuwa na sababu ya kusema wajumbe si watu ni babu, na yeye hakuwa na simu ya kupokea vichekesho.

Sasa nakuja kwenye usiku wa Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, siku mbili baada ya hitma.

Nilitakiwa niwe nimesharudi kazini, nikaomba ruhusa ya siku moja zaidi. Jijini, ukumbi wa Mlimani City, Chadema walikuwa wanachagua mwenyekiti: Freeman Mbowe aliyekaa kwenye kiti miaka 20 na zaidi, na makamu wake Tundu Lissu, aliyepigwa risasi Dodoma mwaka 2017 na kurudi. Ilikuwa inaonyeshwa moja kwa moja. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza ya babu, nikadhani nitaangalia peke yangu. Saa nne usiku mjomba akaja "kuchukua chaja". Akakaa. Wakaja vijana wawili wa bodaboda. Akaja mzee yule wa fomu. Bibi akaweka chai. Wote waliokuwa pale, ukiniondoa mimi, ni wana CCM wenye kadi zao, na wote walikesha kuangalia wapinzani wakihesabu kura.

Mtandao ulikuwa unakatika kila baada ya dakika kumi, na kila ukikatika mjomba anagombana na mimi kana kwamba ndimi niliyeujenga mnara. Alikuwa na maswali ya kitaalamu. Mawakala wanasimama wapi? Masanduku yanafunguliwa mbele ya nani? Saa tisa usiku akasema jambo ambalo nililiandika kwenye kijitabu changu kabla sijalisahau: "Mjomba, hawa wanampinga mwenyekiti wao hadharani, na kesho wanaamka?"

Asubuhi matokeo: Lissu 513, Mbowe 482. Tofauti ya kura 31. Mbowe akakubali. Mzee wa fomu akapiga makofi mara moja, kisha akatazama huku na huku. Nje kulikuwa kumekucha, jogoo wameshachoka kuwika.

Mikutano miwili, siku tatu. Mmoja wa chama chenye dola, ambamo hakuna aliyeshindana na yeyote. Mwingine wa chama kisicho na kitu, ambamo mwenyekiti aliangushwa na mtu akiwa hai anaangalia. Wala sisemi wa Mlimani City walikuwa malaika. Matusi waliyotupiana wiki zile mnayakumbuka, na waliopiga kura ni wajumbe wapatao elfu moja tu, si wanachama wote. Ila mjomba wangu alikesha. Hajawahi kukesha kwa ajili ya mkutano wa chama chake mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na cha kusubiri.

Kilichofuata mnakijua. Lissu akakamatwa Aprili 2025 Mbinga na kushtakiwa kwa uhaini. Chadema wakaenguliwa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa mwenezi wa CCM, akajiuzulu ubalozi wa Cuba Julai na kuhoji hadharani namna mgombea alivyopitishwa. Oktoba familia yake ikasema ametekwa. Tarehe 29 Oktoba uchaguzi ukafanyika, vijana wakaingia barabarani, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, Tume ikatangaza ushindi wa karibu 98%. Siwezi kusema yote haya yalitoka kwenye ule mkutano wa Januari. Nasema kwamba mtu aliyenyimwa mahali pa kusema "hapana" ndani ya chama, akanyimwa na kwenye karatasi ya kura, hapana yake haiyeyuki. Inatafuta njia.

Niliposema hivi ofisini, mwenzangu mmoja akaniambia nimesoma siasa za Marekani mno. Ni kweli nazifuatilia, toka chuo. Basi tuzungumze Marekani, kwa sababu kule ndiko tunakoambiwa demokrasia ilikuja kwa meli pamoja na ngano.

Mwaka 1968 chama cha Democratic kilikuwa madarakani na vita ya Vietnam mkononi. Rais Lyndon Johnson alikuwa na haki zote za "kumalizia kipindi". Seneta mmoja, Eugene McCarthy, akajitokeza kumpinga kwenye kura za maoni za New Hampshire akiwa na wanafunzi wa vyuo kama jeshi lake. Hakushinda, lakini alipata kura nyingi kiasi kwamba wiki chache baadaye Johnson akatangaza hagombei. Robert Kennedy naye akaingia, akauawa Juni. Agosti wajumbe wakakutana Chicago, wakampitisha Hubert Humphrey, makamu wa rais, ambaye hakushindana kwenye kura ya maoni hata moja. Nje polisi wanapiga vijana virungu, ndani wajumbe wanapiga makofi. Humphrey akashindwa na Nixon. Baada ya aibu hiyo ndipo chama kikaunda tume, kikabadili kanuni, na kuanzia 1972 wanachama na wapigakura wa kawaida katika majimbo ndio wakawa wenye neno. Yaani hata kwao haikushuka kutoka mbinguni. Walisukumwa na watoto wao wenyewe.

Miaka mingi baadaye, tarehe 3 Februari 2020, kura za maoni za Democratic zilianzia jimbo la Iowa kama kawaida. Miongoni mwa waliotangulia kabisa ni kikundi kidogo cha wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Ottumwa, wengi wao wahamiaji kutoka Ethiopia, majirani zetu hawa. Walikutana mchana kwa sababu jioni wana zamu. Karibu wote walisimama upande wa Bernie Sanders, mzee aliyekuwa anazungumzia mishahara na matibabu. Nilisoma habari ile nikiwa hosteli, nikamfikiria babu. Mtu aliyehamia ugenini, uraia wake bado una joto, anahesabiwa kabla ya mamilioni ya wenyeji.

Na jimbo hilo hilo, usiku huo huo, programu ya simu ya kukusanyia matokeo iligoma na Wamarekani wakakaa bila matokeo kwa siku kadhaa. Na mwaka 2024 Joe Biden alijitoa tarehe 21 Julai, kura za maoni zimeshapita, Kamala Harris akapitishwa na wajumbe bila mpinzani, akashindwa Novemba. Wapo wanachama wao wanaolalamika mpaka leo kwamba hawakuulizwa. Nilipomsimulia mjomba hilo akafurahi sana. "Kumbe na wao!" Ndiyo mjomba, na wao. Tofauti ni kwamba kwao ilikuwa dharura na bado watu wamenuna.

Sasa ile elfu tano.

Pingamizi kubwa la kuwapa wanachama wote kura ya kuchagua mgombea urais ni fedha, na wanaolitoa si wajinga. Kura za maoni za ubunge za 2015 zilikuwa na kadi zilizochapwa kama njugu, na watu waliohamia matawi kwa siku moja. Bibi yangu mwenyewe hataki kusikia. "Wakianza kutuomba wote, tutakula pilau miezi sita, halafu tutakula mawe miaka mitano." Kenya nao wana somo lao. Mwaka 1988 KANU iliamua wanachama wajipange mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, ule mlolongo maarufu, na aliyepata zaidi ya 70% anapita moja kwa moja bila kura ya siri. Mstari unaonekana kwa macho, nani ataiba? Wakaiba. Mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu, mchana kweupe, watu bado wamesimama ndani yake.

Nakubali yote hayo, na bado nabaki nilipo. Kununua watu 2,400 waliolala kwenye hoteli na hosteli za mji mmoja ni kazi ya usiku mmoja. Kununua mamilioni kwenye matawi ni ghali, ni kelele, na wengi watakula na kukupiga chini. Babu alikula elfu tano ya yule bwana. Baadaye, kwenye kura ya ubunge ya tawi, alinifundisha jambo: wagombea watatu walikuwa wamemtembelea, wote aliwapokea vizuri, na akampigia wa nne. Mlolongo wa 1988 nao haukuharibiwa na waliosimama kwenye mstari. Waliosimama walijua kuhesabu. Uliharibiwa na aliyepewa kazi ya kutangaza.

Ninachotaka si kikubwa. Kura ya siri, kwenye tawi, kila mwenye kadi iliyolipiwa, matokeo yanabandikwa mlangoni kabla hayajapelekwa popote. Kamati Kuu ichuje wezi na wahalifu, sawa, lakini ichujapo iandike sababu. Na rais aliyepo madarakani naye aingie. Akishinda 90% ya wanachama wote, ataingia kwenye kampeni na nguvu ambayo makofi ya ukumbini hayawezi kumpa. Nimeambiwa naota. Mwaka 1967 Wamarekani nao wangesema hivyo.

Mjomba hajakubali. Anasema daftari la tawi halifai kwa kazi hiyo, halina ukweli. Nikadhani anatafuta kisingizio, mpaka nilipokwenda tena Maneromango baada ya yale ya Oktoba, na akanionyesha. Daftari la mistari, jalada limeshikiliwa na gundi. Waliohamia Mbagala bado wamo. Aliyeolewa Mkuranga yumo. Ukurasa wa tatu, mstari wa juu kabisa, jina la babu, na pembeni alama ya vema ya 2025.

"Nilisema nitalifuta," mjomba akasema, "kila nikishika kalamu napata kazi nyingine."

Bibi alikuwa anamenya muhogo mlangoni. Akasema kalamu hiyo tumletee yeye, kuna mtu anamdai hela ya nazi anataka kumwandika.